Usiiamini Alama: Taimingi za Gerezani Tangu Enzi za Hendeli

Tarehe 10 Agosti 1907 ofisa wa Kijerumani aitwaye Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililoundwa Gaggenau, Ujerumani, akashika njia ya magharibi. Alifika Swakopmund, pwani ya Atlantiki, tarehe 1 Mei 1909. Wanaoandika habari zake husimulia mito aliyovuka, vichaka alivyofyeka na petroli iliyobidi imtangulie njiani. Mimi ni fundi, macho yangu hukimbilia kwingine. Injini iliyokwenda zaidi ya mwaka katika joto, vumbi na tope haikosi kufunguliwa na kufungwa porini. Na kila ilipofungwa, kuna mtu alipiga magoti mbele yake akatafuta kile kile ninachokitafuta mimi hapa Gerezani, Dar es Salaam: pistoni ya kwanza iko wapi, valvu ziko wapi, na cheche inaruka wakati gani.

Kazi hiyo tunaiita kuseti taimingi, nayo ina sehemu mbili ambazo wateja huzichanganya. Ya kwanza ni ya valvu: kamshafti ifungue na kufunga njia za hewa kwa kuifuata pistoni. Ya pili ni ya moto: plagi itoe cheche kabla kidogo ya pistoni kufika juu kabisa, mahali tunapopaita topu. Anayevuka na pantoni ya Kivukoni ile ya kwanza anaijua bila kufundishwa. Magari ya Kigamboni yashuke, ya mjini yapande, lango lifungwe, ndipo chombo king'oke. Lango likifungwa mapema wengine hubaki gatini, likichelewa kila kitu huharibika. Cheche nayo haingoji topu, kwa sababu mchanganyiko wa petroli na hewa hauishi kuungua papo hapo, unataka muda. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, krenki hupita nyuzi 18,000 kila sekunde. Ukikosea nyuzi 10 umekosea sehemu moja ya 1,800 ya sekunde, na kesho yake dereva yuko mlangoni analalamika kwamba gari linakata pumzi kwenye kilima cha Kimara.

Nimesikia sana kwamba mafundi wa mtaani ni wababaishaji, kwamba tunaseti kwa sikio na bahati. Niliyoyaona ni mengine. Watu wa Gerezani wamepima sikuzote, hata walipokuwa hawana cha kupimia. Kilichobadilika zama hadi zama ni alama, yaani ile nukta, mkato au kitundu ambacho kiwanda kilikichonga ili fundi ajue pistoni ilipo. Kila zama ilileta alama zake, na kila zama ilileta kitu cha kuzifanya ziseme uongo.

Magari ya mwanzo yalimwachia dereva mwenyewe sehemu ya kazi. Ford ya Modeli T, iliyoundwa kuanzia 1908 hadi 1927, ilikuwa na vijiti viwili chini ya usukani: cha kulia cha mafuta, cha kushoto cha moto. Dereva aliichelewesha cheche wakati wa kuwasha, akaiwahisha gari likishachanganya. Aliyesahau kuichelewesha na kuzungusha hendeli, injini ilimrudishia hendeli yake kwa nguvu, na mikono mingi ilivunjika hivyo. Nilipoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980 Land Rover zilikuwa bado na hendeli, na somo la kwanza nililopewa halikuhusu spana.

“Kijana, kidole gumba kikae upande wa wenzake,” aliniambia mzee aliyenifundisha. “Usikikumbatie chuma. Kikirudi kitaondoka na kidole.”

Mzee huyo naye alifundishwa na Kalasinga mmoja katika gereji ya mjini kati, siku za Waingereza. Ili kuelewa elimu hiyo ilivyosafiri, itazame ramani ya Dar es Salaam ya kikoloni. Upande wa bahari, kuanzia Kivukoni kwenda Ocean Road, walikaa Wazungu na ofisi zao. Katikati walikaa Wahindi na maduka yao. Ukivuka uwanja wa Mnazi Mmoja ulikuwa Kariakoo, mahali palipopata jina kutokana na kambi ya wapagazi wa jeshi la Kiingereza wakati wa Vita vya Kwanza, na hapo ndipo palipokuwa mji wa Waafrika. Basi gari lililala Kivukoni, gereji ilikuwa uhindini, na mkono uliofunga nati ulilala Kariakoo. Mwenye mkono huo aliitwa spana boi. Kazi yake ilikuwa kupokea spana na kurudisha spana, kuosha vyuma kwa petroli na kushika taa. Kitabu cha gari kilikaa ofisini kwa bosi, tena kwa Kiingereza. Lakini aliyeshika taa aliiona alama. Nukta mbili zikitazamana hazihitaji mkalimani. Hivyo ndivyo ufundi wa taimingi ulivyovuka Mnazi Mmoja: jioni, kwa miguu, kichwani mwa mtu aliyelipwa kushika taa.

Mwaka 1957 ilifunguliwa taasisi ya ufundi ambayo leo ni DIT, na baada ya Uhuru mafundi wengi wa aina ya mzee wangu walikwenda kufanya mtihani wa kazi, tuliouita tredi testi, daraja la tatu, la pili, kisha la kwanza. Cheti kiliwafungulia karakana za serikali na za mashirika ya umma. Wengine hawakwenda. Walibaki Gerezani, katika vipande vya ardhi vilivyobanwa kati ya soko la Kariakoo na reli, wakafungua gereji chini ya miti na mabati.

Magari matatu ndiyo yaliyoisomesha Gerezani ya wakati huo, na kila moja lilikuwa na namna yake ya kuonyesha alama.

Volkswagen, ile ya mgongo wa kobe, haikuwa na cheni wala mkanda wa taimingi. Gia ya krenki iliuma moja kwa moja gia ya kamshafti. Gia moja ilikuwa na nukta moja, nyingine nukta mbili, na ile moja ilitakiwa kukaa katikati ya zile mbili. Ukiifunga sawa siku ya overholi, valvu hutazihangaikia tena mpaka injini ifunguliwe upya. Kilichobaki kilikuwa moto, na hapo ndipo watu walipopotea. Puli ya krenki ilikuwa na mikato, nayo haikufanana: mwaka huu puli ilitoka na mkato mmoja, mwaka mwingine miwili, mwingine mitatu, na kila mkato ulikuwa na nyuzi zake. Puli ya gari moja ikihamia injini ya jingine, fundi aliyekariri “mkato wa kushoto” aliseti moto wa gari ambalo halipo. Tena zile za zamani zilikuwa na jambo lililowachanganya hata wazoefu. Silinda namba tatu ilipata joto zaidi kwa sababu ya mahali kipoza oili kilipowekwa, kwa hiyo kiwanda kiliichelewesha kwa makusudi cheche ya silinda hiyo ndani ya distribyuta, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi. Asiyejua aliona namba tatu imechelewa, akaitupa distribyuta nzima.

Peugeot 404 ilikuwa na adabu zaidi. Kwenye kasha la klachi kuna tundu. Unaingiza pini ya milimita 8, unaizungusha injini taratibu kwa mkono, na pini inatumbukia katika kishimo cha flaiwili. Pale ilipotumbukia ndipo cheche inapotakiwa. Hakuna kukodoa macho wala kubishana. Gari hilo lilipendwa nchi nzima, na sifa yake ilipandishwa na mtu wa hapa hapa: Bert Shankland, Mskochi aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, pamoja na msaidizi wake Chris Rothwell, walishinda Safari Rally ya Afrika Mashariki kwa Peugeot 404 miaka miwili mfululizo, 1966 na 1967. Wazee wa Gerezani walizungumza juu ya ushindi huo kana kwamba wao ndio waliofunga injini. Sisi tusiokuwa na pini ya kiwandani tulitumia mkia wa biti ya keekee namba 8, na ulifanya kazi ile ile.

Land Rover lilikuwa gari la serikali. Asubuhi ungeziona zimepangwa mbele ya wizara za Kivukoni na namba zao za ST, na jioni baadhi yake zilikokotwa kuletwa kwetu. Kitabu chake kilikuwa na jambo ambalo wengi hawakulisoma: alama ya moto ilibadilika kulingana na ubora wa petroli. Mafuta hafifu huwahi kujilipukia yenyewe yakibanwa, injini ikagonga, kwa hiyo cheche ilitakiwa kucheleweshwa. Hilo kwetu halikuwa jambo la kitabuni. Ng'ambo ya maji, Kigamboni, kiwanda cha TIPER kilikuwa kikisafisha mafuta tangu 1966, na vituoni kulikuwa na petroli ya kawaida na ya supa, ilipopatikana. Dereva aliyejaza supa mjini akaenda safari ya mkoani na kukuta ya kawaida tu, alirudi na injini inayolia kama imejaa kokoto.

Kisha ikaja miaka ya shida, ambayo kwa ufundi huu ilikuwa chuo kikuu.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wa Kenya ukafungwa. Spea zilizokuwa zikishuka kutoka Nairobi zikawa za magendo mpaka mpaka ulipofunguliwa tena 1983. Katikati hapo kulikuwa na Vita vya Kagera, bei ya mafuta ya dunia ikapanda, fedha za kigeni zikaisha. Magari binafsi yalipigwa marufuku barabarani Jumapili kuanzia saa nane mchana. Mwaka 1983 ikaja operesheni ya wahujumu uchumi, na hata mwenye pointi halali dukani aliogopa kuzionyesha. Pointi ni kijidude kidogo ndani ya distribyuta. Hufunguka na kufunga, na kila ikifunguka koili hutupa cheche. Nafasi yake isipokuwa sawa, taimingi yote huhama. Kwa Volkswagen nafasi hiyo ni milimita 0.4.

Fila geji ilikuwa mali ya mwenye gereji, na wengi hawakuwa nayo. Wembe ulikuwepo. Wembe wa kunyolea una unene wa milimita 0.1, kwa hiyo nyembe nne zikibanwa pamoja ni 0.4. Pointi iliyokwisha tuliisugua kwa msasa hadi ikang'aa, tukaipima kwa nyembe. Kujua ni wakati gani hasa pointi inafunguka, wenye balbu walitumia balbu ndogo ya volti 12 yenye waya mbili, moja kwenye koili, nyingine kwenye bodi. Unazungusha injini kwa mkono taratibu; balbu ikiwaka, pointi imefunguka, na hapo mkato wa puli unatakiwa uwe umefika mahali pake. Usipokuwa na balbu, karatasi ya sigara ilitosha. Iweke kati ya pointi, ivute kidogo huku mwenzako akizungusha. Inapoachia, hapo hapo. Niambie kama huko ni kubahatisha.

Ufundi mkubwa zaidi wa miaka hiyo ulikuwa kuitafuta topu pasipo na alama. Magari yalikuwa yameshaunganishwa vipande vya magari mengine: puli ya huyu, flaiwili ya yule, kava lililopoteza kidole chake cha kuonyesha. Kuna puli nyingine zina duara la nje lililogandishwa kwa mpira, na mpira ukizeeka duara huteleza. Alama ipo, inang'aa, lakini imehamia mtaa wa pili. Wengi waliingiza bisibisi ndefu kwenye tundu la plagi na kuitazama ikipanda. Njia hiyo hukupa makisio, kwa sababu pistoni ikikaribia juu husita, krenki ikaendelea kwenda nyuzi kadhaa bisibisi ikiwa kama imesimama.

Mzee wangu hakuikubali. Alichukua plagi mbovu, akavunja kauri yake, akachomelea bolti katikati, kisha akaifunga kwenye silinda namba moja ili bolti iizuie pistoni isifike juu. Alizungusha krenki kwa mkono kulia, taratibu, mpaka pistoni ikagusa bolti. Akachora mstari kwenye puli. Akairudisha kushoto mpaka ikagusa tena. Akachora mstari wa pili. Akapima kwa kamba umbali kati ya mistari miwili, akaukunja nusu. Nusu hiyo ndiyo topu, topu ya kweli, hata kama gari limeokotwa jalalani. Halafu alitoa ile bolti na kuweka kidole juu ya tundu la plagi huku nikizungusha. Hewa ikisukuma kidole, pistoni inapanda kubana. Isiposukuma, inapanda kutoa moshi, na ukifunga distribyuta hapo utakuwa nyuma mzunguko mzima, kwa sababu krenki huzunguka mara mbili kamshafti ikizunguka mara moja. “Alama ni maneno ya mtu,” alikuwa akisema. “Pistoni ndiyo shahidi.”

Mwaka 1984 serikali ililegeza masharti, wenye fedha zao nje wakaruhusiwa kuingiza bidhaa. Daladala zilikuwa zimeshahalalishwa mwaka mmoja kabla, na mji ukaanza kujaa vyombo vya kila aina: malori madogo yaliyowekewa mabenchi ya kutazamana ambayo abiria waliyaita chai maharage, baadaye vipanya vya Hiace. Miaka ya 1990 milango ikafunguka kabisa, na meli zikashusha Toyota zilizotumika Japani. Gerezani ikabadilika ndani ya miaka michache. Pointi zikatoweka, kabureta zikaanza kufuata, na badala ya cheni tukaletewa mkanda wa mpira wenye meno.

Mkanda huo haukuwa mpya duniani. Glas 1004 ya Ujerumani ilikuwa nao mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwetu ulikuwa mgeni, na ulikuja na tabia ambayo cheni haikuwa nayo: unakatika bila kuaga. Kwa injini kama 5A-FE ya Corolla, mkanda ukikatika gari huzima tu. Unafunga mwingine, unaondoka. Kwa 3S-FSE, ile wanayoiita D4, pistoni hukutana na valvu zilizo wazi na valvu hupinda. Mafundi wengi walijifunza tofauti hiyo kwa gharama ya wateja, na ndiyo sababu mojawapo ya D4 kuwa na jina baya mpaka leo.

Ila mkanda uliokatika hausumbui kuutambua. Unaosumbua ni ule ulioruka jino moja. Nitaeleza teksi moja iliyokuwa ikiegesha karibu na Feri, Corolla ya 5A-FE, kwa sababu ndani yake kuna somo zima. Dereva alikuwa amebadilishiwa mkanda mahali pengine. Gari liliwaka vizuri, likasimama sailensa bila kutetemeka sana, lakini lilikuwa zito, linakula mafuta, na bomba la moshi linachemka. Kijana wangu aliunganisha kipande cha waya kati ya TE1 na E1 kwenye kisanduku cha majaribio, kama inavyotakiwa kwa Toyota hizo ili kompyuta iache kuingilia, akaelekeza taa ya taimingi kwenye puli. Nyuzi 10 kabla ya topu, sawa sawa na kitabu.

“Mzee, moto uko sahihi. Labda pampu ya mafuta.”

“Iangalie distribyuta imekaa wapi.”

Distribyuta hufungwa kwa bolti zinazopita katika nafasi ndefu kidogo, ili iweze kugeuzwa huku na huku. Kwa kawaida bolti hukaa karibu na katikati ya nafasi hiyo. Hii ilikuwa imesukumwa hadi mwisho. Hapo jibu lilikuwa limeshapatikana, maana distribyuta ya injini hiyo huzungushwa na kamshafti. Mkanda ukiwa nyuma jino moja, kamshafti iko nyuma, na distribyuta nayo iko nyuma. Aliyefunga aliona moto umechelewa, akaigeuza distribyuta mpaka taa ikamwonyesha 10. Moto ukapona, valvu zikabaki zimechelewa. Kama krenki ina meno 24, jino moja ni nyuzi 15 nzima. Tulipima mbano wa silinda: zote nne zilikuwa sawa, na zote nne ziko chini. Ringi zikichoka, silinda hutofautiana. Zikiwa chini kwa pamoja, watazame wanaofunga na kufungua valvu. Tulifungua kava, tukaileta krenki topu, na kile kitundu cha puli ya kamshafti hakikutazamana na alama ya kofia ya beringi. Tulirudisha jino, tukazungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, tukatazama tena, ndipo tukairudisha distribyuta katikati na kuseti moto upya. Utaratibu huo haugeuzwi: valvu kwanza, moto baadaye. Anayeanza na moto anaweza kuifanya taa ithibitishe uongo wake mwenyewe.

Mafuta nayo hayakuacha kutuchezea. Risasi iliondolewa kwenye petroli, kwa kufuata Azimio la Dakar la 2001, na ilipofika mwanzoni mwa 2006 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikuwa zimeachana nayo. TIPER ilikuwa imeshaacha kusafisha mafuta. Kisha ukashamiri uchakachuaji. Mafuta ya taa yalikuwa ya bei nafuu, watu wakayachanganya na petroli na dizeli. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili yaliyochanganywa yatambulike, na 2011 ushuru wa mafuta ya taa ukapandishwa sana ili faida ya kuchakachua ipungue. Katika miaka hiyo gari zima lililosetiwa vizuri lilianza kugonga ghafla baada ya kujaza tangi. Dereva alitaka kugongagonga kuishe leo. Fundi mwenye haraka aliichelewesha cheche, makelele yakaisha, na baada ya muda gari likarudi linachemsha maji. Sisi tulianza kuuliza swali ambalo halikuwa kwenye kitabu chochote: umejaza wapi, na lini?

Leo wengi wa wateja wangu wana Vitz, IST na Spacio. Mkanda umeondoka, cheni imerudi, na kamshafti ya ulaji hewa haina tena mahali pamoja pa kukaa. Mfumo wa VVT-i huisogeza mbele na nyuma injini ikiwa inakwenda, kwa nguvu ya oili. Distribyuta haipo, kila plagi ina koili yake, na moto unaamriwa na kompyuta inayosoma sensa ya krenki na ya kamshafti. Vijana waliotoka vyuo vya ufundi vya VETA huja na mashine ndogo ya kupimia, wanaichomeka, na mashine inawapa msimbo. Mmoja wao alinijia na P0016.

“Mzee, mashine inasema sensa ya kamshafti imekufa. Nimeagiza Kariakoo.”

“Mashine imesema krenki na kamshafti haziafikiani. Haijasema nani mwongo.”

Tulianza na oili, kwa kuwa ndiyo inayoisukuma kamshafti. Ilikuwa nyeusi na nzito, na chujio dogo la valvu ya VVT-i lilikuwa limezibwa na uchafu. Tulisafisha, tukabadilisha oili, msimbo ukarudi. Ndipo tukafungua kava, tukaileta krenki topu, tukaona cheni imelegea na alama ya kamshafti imepishana na yake. Oili iliyokaa muda mrefu ilikuwa imeila cheni, na sensa ilikuwa ikisema kweli tangu mwanzo. Kijana yule ni mwerevu kuliko nilivyokuwa umri wake, na simcheki kwa mashine yake. Namfundisha kile nilichofundishwa kwa plagi mbovu na bolti: kinachoonyesha, kiwe mkato wa puli au namba kwenye kioo, kinaonyesha tu. Shahidi yuko ndani ya silinda.

Mei 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kazi, na Kivukoni na Gerezani zikawa majina ya vituo vya mwisho yanayoandikwa kwenye paji la basi. Barabara, kituo na maghorofa vimezibana gereji, na wenzangu wengi wamehamia Buguruni, Tabata na mbali zaidi. Ufundi hauogopi kuhama. Umeshavuka Mnazi Mmoja, utavuka na Buguruni. Ninachokiogopa ni kumbukumbu. Fundi wa Japani akibadilisha mkanda hubandika kikaratasi ndani ya injini kinachosema umebadilishwa lini na gari lilikuwa limetembea kilomita ngapi. Magari yanapofika hapa vikaratasi hivyo huondolewa vikioshwa, au vinabaki bila mtu wa kuvisoma, na kilomita za dashibodi wakati mwingine zimeshapunguzwa na mjanja. Historia ya gari inafutwa bandarini, nasi tunaanza upya kila mara, kama spana boi wa zamani ambaye kitabu kilikuwa ofisini kwa bosi.

Kwa hiyo gereji yangu ina sheria moja siku hizi. Ukifunga mkanda au cheni, chukua tipeksi uandike juu ya kava, kwa Kiswahili, tarehe, kilomita na kilichofanyika. Kama puli si ya injini hiyo, andika hivyo pia, na topu ya kweli uiwekee mstari wako. Kijana mmoja aliniuliza kuna faida gani, ikiwa kila siku ninawaambia wasiiamini alama. Nilimjibu kwamba atakayefungua baada yetu ataikagua na hii yetu, na ndivyo inavyotakiwa. Ila atakuwa na kitu cha kukagua.